Chaji Isituchagulie Mada

Kampuni ya Amazon ilipotoa toleo la 2018 la kifaa chake cha kusomea, Kindle Paperwhite, ilitangaza kwamba chaji moja hudumu hadi wiki sita. Maelezo yaliyofuata kwa herufi ndogo yalifafanua kwamba wiki hizo sita ni za mtu anayesoma nusu saa kwa siku, mtandao ukiwa umezimwa na mwanga wa skrini ukiwa wa wastani. Piga hesabu: nusu saa kwa siku 42 ni saa 21. Toleo la 2021 likaahidi wiki kumi kwa masharti ya namna hiyohiyo, yaani saa 35. Sisemi kwamba tangazo lilidanganya. Nasema lilimfikiria msomaji anayelala kila usiku karibu na soketi, ambaye kusoma kwake ni kurasa chache kabla ya usingizi. Mwanafunzi wa isimu au fasihi anayepanda pikipiki Sake kuelekea Masisi, na kutoka Masisi kuelekea Walikale, si msomaji huyo. Yeye hawezi kuhesabu kwa wiki. Anahesabu saa, na kila saa ina mahali itakapotoka umeme wake au haina.

Hoja yangu ni moja. Kitivo chetu kimehamisha karibu masomo yote kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye faili, lakini hakijakaa kikao kimoja kujiuliza faili hizo zitasomwa kwa umeme wa nani mwanafunzi akiwa uwandani. Kwa sababu hiyo betri imeanza kufanya kazi ambayo ni ya mwanafunzi na msimamizi wake, yaani kuchagua mada ya utafiti. Wenzangu kadhaa waliozaliwa Masisi na Walikale, wanaozungumza Kihunde au Kinyanga tangu utotoni, wamechagua kuandika juu ya matangazo ya redio za mjini na mabango ya maduka. Ni mada nzuri, sizidharau. Ila ukiwauliza kwa nini hawakwenda kwao, jibu la kwanza huwa usalama, na la pili, linalotolewa kwa sauti ya chini kidogo, huwa: ningesomea nini huko, na ningerekodi kwa nini?

Usalama ni suala kubwa kuliko ukurasa huu, nami nitaligusa baadaye. Hilo la pili liko ndani ya uwezo wetu, na ndilo ninalotaka tulizungumze.

Kwanza tukumbushane kwa nini teritwari hizi mbili zinatuhusu. Walikale ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Masisi ni ndogo, nchi ya milima na malisho yenye watu wengi. Humo mna Kihunde, Kinyanga, Kikumu, Kitembo, Kirega na Kinyarwanda, na juu ya zote hizo kuna Kiswahili cha Kivu kinachotumika sokoni, kanisani na kwenye bariera. Kiswahili hicho hakifuati kila mara sarufi tunayofundishwa darasani. Mtu akikuambia “mbele ya kula tunanawa mikono”, anamaanisha kabla ya kula, wala hazungumzii mahali pa kusimama. Ni data inayotembea barabarani, na wachache mno kati yetu tumeifuata.

Na ni huko Walikale ilikotoka moja ya kazi kubwa za fasihi simulizi ya Afrika zilizowahi kuandikwa, utendi wa Mwindo wa Wanyanga. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliusimulia mbele ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Usimulizi ulichukua siku kumi na mbili za kuimba, kucheza na kuigiza, na maneno yakaandikwa kwa mkono. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, kikiwa na majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye Kinyanga kilikuwa lugha yake mwenyewe. Siwataji ili niseme kwamba zamani ilikuwa afadhali. Ninachotaka tukione ni kwamba vifaa vya waandishi wale vilidumu muda uleule aliodumu mtambaji. Rureke alikuwa na maneno ya siku kumi na mbili, na kalamu zilikuwa na wino wa siku kumi na mbili. Hicho ndicho kipimo ambacho kila kifaa cha uwandani kinapaswa kupimwa nacho: je, kitakuwa hai bado wakati msemaji hajamaliza kusema?

Njia yenyewe

Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25, na hapo msafiri bado yuko ndani ya mazoea ya mji. Baada ya Sake barabara inapanda kuelekea Mushaki, na kuanzia hapo umeme unakuwa jambo la kuulizia: jenereta ya hospitali inayowashwa kwa saa maalumu, paneli za sola za parokia, betri ya mwenye duka. Unafika Masisi-centre, unaendelea Nyabiondo, milima inaanza kushuka na msitu kukaribia, unapita Kashebere, na hatimaye Walikale-centre. Katika safari yangu ya 2022 nilipanga siku mbili za pikipiki kati ya Masisi-centre na Walikale-centre. Mvua ilizifanya nne. Motari wangu hakushangaa hata kidogo. Kwake siku mbili ni hesabu ya wakati wa jua.

Katika senta nyingi zenye soko kuna kibanda cha kuchaji. Juu ya bati kuna paneli moja au mbili, chini ya meza kuna betri ya gari, na juu ya meza kuna ubao wenye soketi nyingi zilizounganishwa kwa nyaya. Unalipa faranga mia kadhaa, simu yako inabandikwa kipande cha plasta chenye jina lako, nawe unarudi jioni. Mpango huu umejengwa kwa ajili ya simu ndogo za vitufe zenye tochi, ambazo hujaa haraka na kudumu siku kadhaa. Simu janja yenye betri ya miliampea-saa 5000 hunywa umeme wa simu ndogo kama tano. Mwenye kibanda analijua hilo vizuri. Siku ya jua anaipokea kwa bei ya juu kidogo. Siku ya mawingu anakurudishia mkononi, na ana haki, kwa sababu wateja wake watano wa kila siku wanangoja.

Hapo kuna tatizo jingine ambalo kozi yetu ya mbinu za utafiti haijaligusa. Katika fomu ya ridhaa tunamwahidi mzee kwamba sauti yake itasikilizwa na wahusika tu. Kisha kifaa kilichobeba sauti hiyo tunakiacha kutwa nzima kwenye meza ya mtu tusiyemjua, kati ya simu thelathini. Mara nyingi hakuna linalotokea. Lakini ahadi tuliyotoa haikusema “mara nyingi”.

Na kuna bariera. Anayepita njia hizo anajua kwamba simu inaweza kuombwa na kukaguliwa. Kifaa kisichowaka ni kigumu kukieleza kwa mtu mwenye bunduki. Ukimwambia kwamba kile kibao cha kijivu ni kitabu, naye akaona kioo kitupu, maneno yako hayana ushahidi. Kikiwaka na kuonyesha ukurasa wa maandishi, mazungumzo hubadilika. Mara moja niliombwa nisome kwa sauti, nikasoma, nikaruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo asilimia kumi za mwisho za chaji si za kusomea. Ni za kupitia njia, na msafiri mwenye busara hazigusi.

Umeme unaliwa na nini

Ili tusilaumu betri kwa makosa yasiyo yake, ni vizuri kujua umeme unakwenda wapi. Vitu vitatu ndivyo vinavyoula zaidi.

Cha kwanza ni skrini. Skrini ya simu au ya kishikwambi hutoa mwanga wake kila sekunde unapoitazama, hata kama umekaa kwenye aya moja dakika kumi ukiitafakari. Skrini ya wino wa kielektroniki, ambayo ndiyo ya Kindle na vifaa vya aina yake, ina chembe ndogo nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme. Zikishafika mahali pake zinabaki hapo bila kudai umeme tena, na nguvu hutumika zaidi unapofungua ukurasa mpya. Mchana, nje, kwenye jua la Masisi, skrini hiyo inasomeka kama karatasi na taa yake inaweza kuzimwa kabisa. Usiku taa inahitajika, na uwandani kusoma kwingi ni kwa usiku, maana mchana ni wa njia na wa watu. Ndiyo maana nashauri hata zile saa 21 tusizihesabu zote.

Cha pili ni mtandao. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma mawimbi na hutafuta mtandao tena na tena. Ndani ya msitu, ambako kati ya mnara na mnara kuna mwendo mrefu, simu iliyosahaulika mfukoni bila kuzimwa mtandao inaweza kumaliza chaji yake jioni pasipo mtu kusoma hata sentensi moja. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha hali ya ndege asubuhi, na kuwasha mtandao mara moja kwa siku mahali unapojua upo.

Cha tatu ni faili zenyewe, na hapa ndipo kitivo kinapoingia. Masomo mengi tunayopewa ni kurasa za vitabu zilizopigwa picha na kufungwa katika PDF. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kufika megabaiti nzima. Ukurasa huohuo ukiandikwa kama maandishi halisi ni kilobaiti chache. Tofauti hiyo haibaki kwenye kumbukumbu ya kifaa tu. Picha ya ukurasa mpana haienei kwenye skrini ya inchi sita, hivyo unaikuza, unaisogeza kulia, unaisogeza chini, unairudisha, na kila mara skrini inachorwa upya na kifaa kinafanya kazi ya kuchambua picha. Ukurasa mmoja wa kitabu unakuwa sawa na kurasa tano au sita za kufungua. Ile sifa kuu ya skrini ya wino, kutumia umeme ukurasa unapobadilika tu, inageuka kuwa hasara. Faili ya maandishi inayojipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa skrini haina shida hii.

Kwa maneno mengine, wanafunzi wawili wenye kifaa kilekile, waliotoka Goma siku ileile na chaji kamili, wanaweza kufika Nyabiondo mmoja akiwa na kitabu na mwingine akiwa na kioo, na tofauti yao ikawa ni namna mhadhiri alivyoandaa faili.

Majibu matatu yasiyotosha

Nimeyatoa mawazo haya mbele ya wenzangu na baadhi ya walimu wetu, na majibu niliyopata ni matatu. Yote yana ukweli ndani yake.

La kwanza ni: nunua pawabenki. Naam, ninayo. Lakini tuisome vizuri. Pawabenki iliyoandikwa miliampea-saa 10,000 ina nishati ya kama wati-saa 37. Simu ya miliampea-saa 5000 inahitaji kama wati-saa 19. Kwenye karatasi ni mara mbili. Kwa kuwa umeme hupotea njiani ukibadilishwa volti, kwa vitendo unapata takriban mara moja na nusu. Hiyo ni nyongeza ya siku moja au mbili kwa simu inayofanya kazi zote: kusoma, kurekodi, kupiga picha, kumulika njia ya chooni usiku. Baadaye pawabenki nayo inasubiri kwenye meza ya kibanda, na yenyewe hunywa zaidi ya simu.

La pili ni: beba paneli ya kukunja. Paneli hutoa nguvu iliyoandikwa juu yake ikilala vizuri chini ya jua kali. Masisi ina ukungu na mvua nyingi. Walikale ina miti. Juu ya pikipiki paneli haitulii, na ukiianika kijijini umeandika kwenye ubao kwamba mgeni ana vitu. Kwa anayekaa mwezi mzima mahali pamoja, kwa mwenyeji anayeaminika, paneli ni jibu zuri kabisa. Kwa anayesafiri ni msaada wa kubahatisha.

La tatu hutoka kwa walimu wa umri wa baba zetu: someni karatasi, kama sisi tulivyosoma. Hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, na nusu yake nalikubali. Karatasi haina betri. Lakini ina uzito. Rimu moja ya karatasi za A4 ni karibu kilo mbili na nusu. Kurasa 600 zilizochapwa pande zote mbili ni kilo moja na nusu, na hiyo ni vitabu viwili vya kawaida tu, bila daftari, bila nguo, bila zawadi ya mwenyeji. Mvua ya Walikale haichagui kati ya kitabu na unga. Ninachokubali ni kwamba baadhi ya maandishi hayapaswi kamwe kutegemea betri: hojaji, orodha ya maneno ya kuuliza, fomu za ridhaa, na muhtasari wa kurasa kumi wa nadharia unayoitumia. Hizo zichapwe, zifungwe ndani ya nailoni.

Kwa hiyo sipiganii karatasi dhidi ya skrini. Napigania kila kazi ipate chombo chake. Simu ibaki ya kurekodi na kuwasiliana. Kusoma kuhamie kwenye kifaa cha wino kisichogombania umeme na sauti ya mzee. Anayerekodi toni za Kinyanga hawezi kurekodi kwa ubora hafifu ili kuokoa chaji. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, ni zaidi ya megabaiti 300, nayo inataka simu iliyo hai na yenye nafasi. Mwanafunzi akiwa na simu moja kwa yote, kila ukurasa anaosoma usiku anaukata kwenye masimulizi ya kesho. Nimewaona wenzangu wakiacha kusoma kabisa ili kulinda chaji ya kurekodi. Wakarudi na saa nyingi za sauti na maswali machache ya kuiuliza.

Tulichonacho chini ya miguu

Kuna jambo ambalo mwenyeji wa huko hawezi kulinyamazia. Koltani inayochimbwa Rubaya, ndani ya Masisi, hutoa tantali, madini ya kutengenezea kapasita ndogo zilizo ndani ya simu na kompyuta. Kasiterite ya Bisie, ndani ya Walikale, hutoa bati, ambalo ndilo lehemu inayoshikilia vipande vya saketi. Kobalti ya betri nyingi za lithiamu hutoka Lualaba, kusini mwa nchi hiihii. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami Kilambo, karibu na Walikale, kubeba kasiterite. Yaani mzigo wa bati ulipata ndege, na mwanafunzi anayetaka kuandika sarufi ya lugha ya wachimbaji anatafuta soketi.

Sileti hili ili tulie pamoja. Kitivo cha lugha hakitabadili biashara ya bati. Kinaweza kubadili namna kinavyoandaa faili zake na namna kinavyomwandaa mwanafunzi kabla hajapanda pikipiki, na ningependa tupimwe kwa hilo.

Tunachoweza kufanya

Jambo la kwanza halihitaji fedha. Masomo ya lazima ya kozi za uwandani yaandaliwe kama maandishi halisi badala ya picha. Programu za kubadili picha kuwa maandishi zipo, nazo hukosea sana kwenye alama za toni na kwenye maneno ya lugha zetu. Kosa hilo linaweza kuwa zoezi. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanajifunza uhariri kwa maandishi ya kubuni. Wapewe kurasa halisi za kusahihisha, kila mmoja sehemu yake, kwa vitabu ambavyo maktaba inaruhusiwa kuvinakili kwa ajili ya masomo. Katika mihula michache tutakuwa na rafu nzima ya masomo mepesi, na wahariri waliokomaa.

La pili linahitaji fedha kidogo. Maktaba inunue vifaa vichache vya kusomea vya skrini ya wino, vya bei ya chini, hata vilivyotumika, na iviazimishe kama inavyoazimisha kamusi. Viwe vya waya wa aina moja na ile ya simu nyingi za sasa, ili mwenye kibanda asikukatalie kwa sababu hana kichwa cha kuchomeka. Vitoke vikiwa vimejazwa kila kitu, mtandao umezimwa, na faili zimepangwa kwa majina yanayoeleweka. Vikirudi, vihifadhiwe vikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pasipo na joto. Betri ya lithiamu iliyoachwa imejaa kabisa kwenye joto, au imekauka kabisa kabatini, huzeeka kabla ya wakati.

La tatu ni mstari mmoja kwenye fomu ya pendekezo la utafiti. Tunadaiwa bajeti ya nauli, ya chakula, ya zawadi za wasimulizi. Tudaiwe pia bajeti ya chaji: siku ngapi, saa ngapi za kusoma kwa siku, saa ngapi za kurekodi, na umeme utatoka wapi katika kila kituo. Safari ya siku kumi yenye saa nne za kusoma kila siku ni saa 40, karibu mara mbili ya zile 21 za tangazo. Mwanafunzi akiliona hilo mezani kwa msimamizi, atapunguza masomo au atapanga vituo. Akiliona Kashebere usiku, hana la kufanya.

La nne ni kwa walimu wetu wanaosimamia. Ripoti ya kila wiki ya kupakia mtandaoni imfae aliye mjini. Kwa aliye Walikale, ripoti moja ya maandishi atakaporudi inatosha, na ujumbe mfupi wa simu wa kuonyesha kuwa yu salama. Faini ya kuchelewa kupakia ni faini ya kukosa mnara.

La tano ni deni. Kila anayekwenda aache nakala ya karatasi ya kitu fulani kwa mwalimu wa shule alikokaribishwa: orodha ya maneno, hadithi iliyoandikwa, makala ya jarida hili. Mwalimu huyo naye ni msomaji, na hali yake ya umeme ni yetu ya wiki mbili iliyorefushwa kuwa maisha.

Sasa nirudi kwenye usalama nilikoahidi. Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia chaji ni anasa wakati Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Walikale-centre ikaingiwa Machi mwaka huohuo kabla ya kuachwa mapema Aprili. Nawajibu kwa heshima mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wa huko wanakwenda nyumbani, tukiwatuma au tusiwatume. Kuna mazishi, kuna wazazi, kuna wadogo zao. Kama watakwenda hata hivyo, ni afadhali waende na kifaa kinachowaka. La pili, vita vinahamisha wasemaji. Kihunde na Kinyanga vinasemwa leo pia katika familia za wenyeji na kwenye makazi ya waliokimbia, mahali ambapo soketi ni adimu kuliko Masisi-centre ya zamani. Mzee aliyekimbia na hadithi zake hatangoja tuwe tayari. Maandalizi ninayoyaomba, faili nyepesi na vifaa vya kuazima, yanafanyika mjini, chini ya paa, kabla njia haijafunguka.

Bodi ya kitivo itakaa kupitisha mada za mwaka ujao. Naomba kabla ya kufika kwenye orodha ya mada, ajenda iwe na kipengele kimoja cha faili za masomo na vifaa vya kuazima, na wawepo wanafunzi wawili waliowahi kufanya kazi Masisi au Walikale watakaoeleza saa zao zilivyokwenda. Miongoni mwa watakaoandika pendekezo mwaka huu yumo binti anayezungumza Kinyanga na bibi yake kila likizo. Mada anayoifikiria kwa sasa ni matangazo ya simu mjini. Ningependa aulizwe mara nyingine, akiwa tayari amekabidhiwa kifaa chenye chaji.